Jino Lililovunjwa na Adabu

Jino langu la mbele lilivunjika siku ile ile niliyopewa kipande cha kupiga peke yangu. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Wenzangu kwenye bendi wananiita Honi, na hawakunipa jina hilo kwa kunisifu. Miaka yote nimepiga nikiwa katikati ya kelele za wengine, napuliza wanapopuliza, nanyamaza wanaponyamaza. Siku hiyo Kapteni, kiongozi wetu na mtunzi wa nyimbo zetu zote, aliingia kwenye chumba cha mazoezi na wimbo mpya wa kuzindulia ukumbi mpya wa mji. Akatugawia karatasi, akasafisha koo, akasema, "Hapa katikati wote mnanyamaza. Anabaki Honi peke yake."

Nilisoma karatasi yangu mara mbili. Kipande kilianzia chini, polepole, kikapanda, kikapanda tena, kikafika juu kule ambako mpigaji hubaki na pumzi zake na Mungu wake. Nilikuwa nakitamani kipande cha namna ile tangu sijaota ndevu. Na kilipofika juu kabisa, tromboni ilitakiwa kuingia chini yangu na kunijibu.

Mpiga tromboni wetu ni baba mkwe wangu.

Kwa asiyeijua, tromboni ni ala ndefu ya shaba yenye bomba la kuvuta na kusukuma, na bomba hilo likisukumwa lote linafika mbali kuliko unavyodhani. Kwenye bendi yetu mzee anakaa nyuma yangu, na utaratibu ni kwamba mimi nitazame mbele moja kwa moja ili bomba lipite kando ya bega langu. Utaratibu huo naujua vizuri sana. Ila aliye nyuma ni baba wa mke wangu, na mimi kumpa mgongo mkwe wangu siwezi. Hakuna aliyenikataza. Mwili wenyewe unagoma. Tangu nimuoe binti yake nimekuwa nikipiga nimesimama upande, bega moja kwa watazamaji na bega moja kwake.

Siku hiyo, kwa furaha, nilijisahau nikageuka zaidi ya kawaida. Nilitaka aone. Nikapanda, nikafika juu, na mzee naye, kwa furaha ya kumsikia mkwewe, akasukuma bomba mpaka mwisho. Likagonga mdomo mpana wa tarumbeta yangu, na tarumbeta ikarudi nyuma na kipulizio chake, kile kikombe kidogo cha chuma unachokibandika midomoni, moja kwa moja kwenye meno.

Niliona nyota. Ulimi ulikimbilia kukagua kabla ya kidole, ukakuta pembe ya jino haipo.

Mimi nina hasira za karibu, wote wanajua. Angekuwa mtu mwingine ningemrukia na tromboni yake ingenyooshwa na fundi. Lakini nilimtazama mzee, nikameza damu, nikasema, "Samahani, baba." Mimi ndiye niliyevunjwa jino na mimi ndiye niliyeomba samahani!

Kapteni hakuwa na maneno mengi. "Uzinduzi ni Jumamosi," akasema. "Ijumaa nitakusikiliza peke yako. Ukishindwa, kipande anachukua Mluzi." Mluzi ni tarumbeta ya pili. Kabla sijafunga mkoba wangu, nilimsikia tayari yuko kwenye varanda anakijaribu kipande changu, na kibaya zaidi alikuwa anakipiga vizuri.

Nyumbani mke wangu alinifungua mdomo dirishani kwenye mwanga. "Limekatika kipembe," akasema. "Unafanana na mwanafunzi wangu wa darasa la pili. Kacheke mbele ya kioo ujione." Nikamwambia aache utani, nikachukua tarumbeta. Sauti za chini zilitoka. Za katikati zikatoka. Nilipopanda juu na kukandamiza kipulizio, maumivu yakanichoma mpaka machozi yakanilengalenga. Nikajaribu tena, hali ile ile. Nikaketi kitandani na tarumbeta mapajani, nikasema kwa sauti kwamba nimekwisha.

Asubuhi baba mkwe alikuwa mlangoni amevaa koti lake la bendi, kana kwamba anakwenda kupokea mgeni rasmi. Macho yalikuwa mekundu.

"Hajalala," mke wangu akaninong'oneza. "Mama amenipigia simu. Usiku kucha anazunguka sebuleni anasema kofia, kofia."

"Mwanangu," mzee akasema, "jino hilo livalishwe kofia. Lifunikwe lote, pande zote, iwe kazi ya uhakika. Nimeuliza watu. Kuziba ni kubandika kiraka. Mimi ndiye niliyekuvunja na sitaki kiraka."

Mimi kofia ya jino nilikuwa naisikia tu kwa watu. Lakini nikiwa mpiga tarumbeta nilijua kitu kimoja: meno ya mbele ndiyo kitako cha sauti yangu. Ukiyaongezea unene wa ukucha, sauti inahama. Ningevalishwa kofia leo, Jumamosi ningekuwa najifunza upya kama mtoto. Na kama bila kofia jino lingeniuma hivi, Jumamosi nisingepiga kabisa. Huku moto, huku maji. Nikasema, "Sawa, baba," kwa sababu kwa mkwe sina jibu jingine, tukatoka pamoja, yeye amenibebea tarumbeta yangu kifuani na kukataa katakata kunirudishia.

Kwenye zahanati ya meno kulikuwa na benchi moja refu na feni iliyokuwa inalalamika. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba alitusogezea nafasi. Kijana mmoja, suruali imepigwa pasi kweli kweli, alikuwa anatazama zaidi mlango wa kutokea kuliko ule wa daktari. Nilimwelewa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo na sauti isiyobembeleza mtu. Mzee aliingia nami bila kuulizwa. Kabla sijamaliza kumweleza daktari maumivu yangu na uzinduzi wa Jumamosi, mzee akadakia, "Daktari, tunataka kofia."

"Mzee wangu, shikamoo," daktari akasema. "Kofia tutaijadili. Kwanza nataka kujua jino limepigwa kutoka wapi. Nionyesheni mlivyosimama."

Hapakuwa na tromboni, kwa hiyo mzee akapewa ufagio wa muuguzi. Mimi nikashika tarumbeta yangu, nikasimama mbele yake kama nilivyosimama jana, upande na kuzidi. Mzee akasukuma ufagio taratibu, ukaja ukagusa tarumbeta palepale.

Daktari akaufuata ufagio kwa macho. "Ukitazama mbele, ufagio unapita wapi?"

"Kando ya bega," nikasema.

"Sasa kwa nini hutazami mbele?"

Nikaangalia sakafu. Mzee akaangalia ufagio. "Ni mkwe wangu," nikasema.

Muuguzi akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Daktari mwenyewe alijikaza, akashindwa. "Nimetibu meno yaliyovunjwa na ngumi, na mifupa, na ngazi," akasema. "Hili la kwanza kuvunjwa na adabu. Haya, lala."

Nikalala, roho mkononi. Daktari ana tabia moja ambayo niliipenda na kuichukia kwa wakati mmoja: anasema anachofanya, lakini hasemi anachofikiri. Akalitikisa jino kwa kidole. "Halichezi." Akaligonga kwa mpini wa kioo chake. Nikasubiri maumivu, hayakuja. Akatuma nikapigwe picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga. "Mzizi mzima." Mzee aliinua shingo kutazama picha naye, akatikisa kichwa kana kwamba anaelewa.

Kisha akabandika kwenye jino pamba iliyokuwa baridi mno. Niliruka nusura nianguke kutoka kitini.

"Vizuri!" daktari akasema.

"Vizuri nini, mama, umeniua!"

"Lingekuwa limekufa usingeruka. Mshipa wake uko hai."

Jamani, nilitaka kumbusu. Lakini akazima taa kubwa, akachukua kitaa chembamba na kukiweka nyuma ya jino, akachungulia. "Kuna mstari," akasema. Nikataka kuinuka. "Tulia. Ufa uliozama unazuia mwanga, upande mmoja unang'aa na mwingine unabaki giza." Akasogeza kitaa kushoto, akakisogeza kulia, akakirudisha tena. Nilisikia pumzi za mzee juu ya kichwa changu. "Mwanga unapita wote. Huu ni mkwaruzo wa juu juu tu." Akanipa kijiti nikiume. Nikakiuma. Hakikuniuma.

"Sasa sielewi," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekunja uso. "Jino liko hai, halijapasuka, mzizi mzima, ukiuma huumii. Na wewe unasema maumivu yanakutoa machozi."

"Nikipanda juu tu, daktari. Nikikandamiza."

"Basi panda juu."

"Hapa?"

"Unataka nije Jumamosi niongee na jino jukwaani? Simama upige."

Nikasimama katikati ya kile chumba cha vigae vyeupe, nikaweka tarumbeta mdomoni. Sauti ilipotoka, vyombo vya daktari vililia kwenye trei. Nje kwenye benchi mazungumzo yakakatika. Nikaanzia chini, nikapanda, nikafika pale, na maumivu yale yale yakanirukia, nikaachia.

"Usifunge mdomo!" daktari akasema, na kabla sijameza mate alikuwa ameshaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole chake. Akainama. Akacheka peke yake. "Mzee, njoo utazame."

Mzee akavaa miwani, akachungulia ndani ya mdomo wa mkwewe, jambo ambalo naomba lisirudiwe tena maishani mwangu.

"Unaona kidonda hiki, ndani ya mdomo? Pembe ya jino ilipokatika imeacha ncha kali. Akikandamiza tarumbeta, mdomo unachomwa na ncha. Jino haliumi hata kidogo. Mdomo ndio unaoumia." Akanigeukia. "Hapa hakuna kazi ya kofia. Naijenga hii pembe kwa dawa ya rangi ya jino, naisawazisha, basi."

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila muuguzi alinionyesha ishara ya kunyamaza. Basi! Neno tamu kama hilo sijawahi kulisikia. Nilikuwa nimeshamkamata daktari mkono nautikisa, na hapo ndipo nilipogundua mzee hajafurahi.

"Hapana," akasema. "Daktari, usimfanyie kazi nyepesi. Mpe kofia."

"Mzee wangu, kofia ni ya jino lililobaki kidogo, au lililopasuka mpaka ndani, au lililokufa likawa dhaifu. Ili kofia ikae lazima nilisage jino pande zote, libaki kijiti. Nikishalisaga halikui tena. Hili limepoteza pembe moja tu. Nilisage lote kwa ajili ya pembe?"

"Na mimi langu lilikuwa pembe moja tu!"

Sijawahi kumsikia mzee akipaza sauti mbele ya mwanamke. Hata yeye alishtuka. Akaketi kwenye kiti cha muuguzi, akavua miwani.

"Mimi sikuzaliwa na tromboni," akasema, akimwambia daktari lakini nikijua anayeambiwa ni mimi. "Nilikuwa tarumbeta. Nilikuwa tarumbeta ya kwanza. Jino likakatika pembe, hapa hapa, nikasema si kitu, nikaliacha. Likabadilika rangi nikaliacha. Likavimba, likang'olewa. Niliwekewa la bandia, nikipanda juu linacheza, pumzi zinatoroka. Wakanipa tromboni kwa sababu kipulizio chake ni kipana, hakidai sana meno. Nimeipenda, sikatai. Lakini kule juu sijafika tena." Akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Sasa huyu ndiye aliyepewa kule juu, na ni mimi niliyemvunja. Nitamwangaliaje binti yangu?"

Jino lake la bandia nilikuwa nalijua. Kwamba lilimnyang'anya tarumbeta, hilo sikulijua.

Daktari alivuta kigoda chake akaketi mbele ya mzee, magoti karibu yagusane. "Baba," akasema, na ile sauti yake kavu ikawa imelainika, "lako halikupotea kwa kukosa kofia. Lilipotea kwa kuachwa. Hili hatuliachi. Baada ya mwezi atarudi nilipime tena kama liko hai, na baadaye tena. Likibadilika, kofia ipo, haikimbii. Lakini nikilisaga leo, hata mimi siwezi kulirudisha."

Mzee alifikiri. Nami nilisubiri, kwa sababu, mjue, daktari alikuwa ameshaamua na mimi nilikuwa nimeshaamua, lakini bila yeye nisingefungua mdomo. Mwishowe akashusha pumzi. "Mwezi ujao nitamleta mwenyewe," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa raha tupu. Daktari akachagua rangi akilinganisha na jino la jirani, akajenga pembe kidogo kidogo, akaikausha kwa taa ya buluu. Kisha akasema, "Piga." Nikapiga. "Vipi?" Nikamwambia sauti inavutwa kushoto. Akasaga kidogo sana, akapuliza vumbi. "Piga." Nikapiga. Bado kidogo. "Piga." Mlango ulikuwa umeachwa wazi bila mtu kukusudia. Yule mama mwenye shavu alikuwa anapiga makofi polepole kufuata mdundo, na yule kijana wa pasi alimuuliza muuguzi kama na yeye atapigiwa maana akipigiwa yuko tayari kung'olewa. Mara ya mwisho nilipanda nikafika juu, ncha haipo, nikakaa pale juu mpaka pumzi zikaniisha. Kidonda kiliwasha kidogo tu. Mzee aliinamisha kichwa akawa anahesabu mapigo kwa kiatu chake.

Tulipokuwa tunatoka, daktari akaniita. "Usifungue kitu kwa hilo jino, wala usitafune kalamu. Na sikiliza. Jino nimelitengeneza, lakini mkao siwezi kuutengeneza mimi. Ukisimama tena upande, safari ijayo hatutajadili kofia. Tutajadili pengo."

Ijumaa Kapteni alinisikiliza peke yangu, amefumba macho, na nilipomaliza aliniambia neno moja: "Kesho." Mluzi alinipa mkono. Nilitaka kumchukia lakini mkono wake ulikuwa wa moto na wa kweli.

Jumamosi mchana ukumbi ulinuka rangi mpya na watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mke wangu alikaa safu ya pili na mama yake, akanionyesha meno yake yote kunikumbusha nicheke. Jukwaa lilikuwa jembamba kuliko chumba chetu cha mazoezi. Niliapa moyoni kutazama mbele. Nikasimama wima, nikatazama mbele, na wimbo ulipoanza nikajikuta niko upande. Nikajirekebisha. Baada ya kitambo nikajikuta upande tena! Bomba la tromboni lilikuwa likienda na kurudi karibu na kidevu changu, na jasho likanitoka hata kwenye viganja.

Wimbo ukafika katikati. Ngoma zikazimika, gitaa zikazimika, wote wakanyamaza. Kapteni akanyanyua mkono akinitazama. Ukumbi mzima ukanitazama.

"Geuka," baba mkwe akanong'ona.

"Baba…"

"Nipe mgongo, mwanangu."

"Siwezi, baba."

"Umeniheshimu kwa bega miaka yote, nashukuru. Leo niheshimu kwa mgongo. Kule unakokwenda mimi sikufika tena, na ninataka kusikia. Geuka uende."

Mkono wa Kapteni ulikuwa bado juu. Nikageuka. Nilihisi mgongo wangu wote mbele ya mkwe wangu, mpana, bila haya, na ulimi ukaipitia ile pembe mpya kwa mara ya mwisho. Nikaweka tarumbeta mdomoni, nikaanzia chini.

Nikapanda. Nikapanda tena. Nilipofika juu kabisa nilikaa pale, na ndipo tromboni ikaingia chini yangu. Bomba likapita kando ya bega langu, karibu mno, nikahisi upepo wake shingoni, na sikutikisika. Sikumwona baba mkwe wangu hata kidogo, na sijawahi kumsikia vizuri kama siku ile.